Joka, Diwani na Katibu

Joka lilitupiga Jumapili hamsini na kitu mfululizo, na katika Jumapili zote hizo mimi nilijua kosa liko wapi. Kosa lilikuwa kwenye boksi. Silaha zilikuwa chache. Ukimpa mtu upanga mmoja na ngao ya ubao akapambane na joka lenye magamba kumi na mawili na linalotema moto, halafu ukamlaumu kwa kuungua, wewe ndiye mwenye matatizo.

Mchezo wenyewe unaitwa Ngome ya Majivu. Ni mchezo wa kadi, lakini si karata zile za kupigia kelele kijiweni. Kila mchezaji anakuwa shujaa mmoja mwenye kadi zake, na joka linakaa katikati ya meza. Ukilipiga, gamba linatoka. Magamba yakiisha limekufa. Moto ukiwafikia kabla, mmekufa nyinyi. Mchezo ni wa binamu yangu Kwandu, muuguzi, binti wa shangazi yetu. Aliletewa na mdogo wake Jenifer anayefanya kazi Nairobi, ambaye aliununua ukiwa umetumika, na kijitabu cha maelekezo kikianzia ukurasa wa tano. Kurasa nne za mwanzo zilibaki huko na mwenyewe wa kwanza. Hatukuzisikitikia. Mimi redio nimenunua tatu maishani na sijawahi kuisomea hata moja.

Tulikuwa wachezaji wanne, kwenye veranda ya Kwandu hapa Bariadi, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana. Kwandu alikuwa mponyaji, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa kazi nyingine. Mwalimu Deogratias, katekista na kiongozi wa kwaya, aliangukiwa na shujaa mwenye ndevu na fimbo ambaye kadi inasema waziwazi kwamba ni mchawi. Deogratias alikataa katakata. Akambatiza jina la Padri Mstaafu, dhamiri yake ikatulia, na tangu hapo amekuwa akirusha radi bila wasiwasi. Wa tatu ni mimi, Danford, muuza spea za baiskeli karibu na soko. Wa nne ni kaka yangu Mahona, mwenye mashine ya kusaga kule Kasoli, ambaye hufika na pikipiki akiwa na unga kwenye nyusi hata kama ametoka kuoga.

Mimi na Mahona tulikuwa hatuongei. Mezani tulisema "zamu yako" na "acha kuchungulia." Zaidi ya hayo, miaka mitatu, hakuna.

Sababu ni ng'ombe. Kwetu sababu huwa ni ng'ombe, na asiyeamini akasome majalada ya baraza la kata. Baba yetu, mzee Masele, alikuwa na jozi ya maksai wa kulimia pale nyumbani Dutwa, Diwani na Katibu. Diwani alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa mnene na alipenda kutangulia. Katibu alikuwa mwembamba, hana maneno, na kazi kubwa ilikuwa yake. Kwa miaka saba Diwani alifungwa kulia kwa nira na Katibu kushoto, wakalima Dutwa nzima. Baba alipofariki, wazee wa ukoo walikaa kugawa mali. Baba mdogo Mayala, ambaye hajawahi kushika plau tangu azaliwe, akasema ili pasiwe na lawama kila mtoto wa kiume achukue maksai mmoja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikaondoka na Diwani, Mahona akaondoka na Katibu. Haki ikatendeka, na kuanzia siku hiyo ng'ombe wale hawakulima hata robo ekari.

Maksai aliyezoea mwenzake humbadilishii spea. Niliazima ng'ombe wa jirani nikamfunga na Diwani, na Diwani akalala kwenye mtaro mpaka jioni, anacheua, anatuangalia. Nikasikia Katibu naye kule Kasoli alifungwa na dume la mtu, wakavunja plau la mtu huyo huyo. Ningeweza kumwomba Mahona aniazime Katibu. Lakini Mahona ndiye mkubwa, na mkubwa ndiye anayetakiwa kuanza kuonyesha utu. Mahona naye, kwa habari zilizonifikia, alikuwa anasema mdogo ndiye anayeomba. Basi Diwani akakaa nyuma ya nyumba yangu anakula mabua na pumba, na mke wangu Elina kila asubuhi akawa ananiuliza kama huyu ni mfugo au mpangaji.

Aliyeumia ni mama. Mama amebaki Dutwa na ekari zake mbili za pamba. Msimu wa kwanza baada ya baba, alisubiri wenye maksai wamalize mashamba yao ndipo wamlimie la kwake. Akapanda wakati wenzake wanapalilia, mvua ikakatika, pamba ikabaki ya kutia huruma. Msimu wa pili hivyohivyo. Mwaka huu, Oktoba ilipoanza, alinipigia simu, kisha akampigia Mahona, na alichotuambia ni kilekile: yeye hamsubiri mtu tena, jembe la mkono analo. Mama ana miaka sitini na tisa. Mimi nilidhani anatutishia. Nikasema moyoni, Mahona atashtuka, atakuja kuniomba Diwani. Nikakaa kumsubiri.

Hapo ndipo tulipokuwa wakati Kwandu anatuletea habari ya nyongeza. Jenifer alikuwa anakuja likizo, na kwenye begi lake palikuwa na nafasi ya maboksi mawili. Kumbe watengenezaji wa Ngome ya Majivu wana maboksi mengine, madogo, ya kadi mpya za kuchanganya na zile za kwanza, ili mchezo uongezeke. Yako matano. Sisi tulitakiwa kuchagua mawili ya kuanzia, na Kwandu ampe Jenifer jibu kabla ya Jumatatu saa sita mchana, kwa kuwa Jumanne anapanda basi.

Kwandu alikuwa amechapisha karatasi tano, kila moja na picha ya boksi na maelezo ya Kiingereza, akazipanga mezani. Mimi niliichukua yangu kabla sijakaa. Silaha za Wafalme. Kwenye picha palikuwa na mikuki, mashoka, kofia za chuma, na shoka moja kubwa kuliko mtu aliyelibeba. Nikawaambia tuandike hilo, twende la pili.

Deogratias alikuwa ameipindua karatasi ya Msitu wa Mizimu, picha chini, akisema kwaya yake ina waimbaji wanaomchunguza. Baadaye nilimwona anaifunua pembeni mara tatu. Kwandu alitaka Mashujaa Wapya, maana alisema wiki nzima anatibu watu, halafu Jumapili anatibu watu wa karatasi, na yeye pia angependa siku moja kupiga mtu. Bahari ya Barafu haikupata mtetezi. La tano lilikuwa Gari la Mfalme, na hapo ndipo penye ng'ombe.

Kwenye picha ya Gari la Mfalme palikuwa na mkokoteni wa dhahabu unaovutwa na ng'ombe wawili wenye pembe za kupanuka, weusi, wenye nundu zinazoinama upande, ng'ombe wa maana. Mahona akaivuta karatasi upande wake. Mimi nikaivuta upande wangu. Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana baada ya miaka mitatu, na tukaligombania. Kwandu akasoma maelezo: mchezaji mmoja anachukua ng'ombe wa kulia, mwingine wa kushoto, na gari linasogea pale tu wote wawili wanapoweka namba ileile kwa wakati mmoja. Mahona akasema ng'ombe wa kulia ni wa mkubwa. Nikamwambia Deogratias amwambie Mahona kwamba ng'ombe wa kulia ninaye mimi, tena yuko nyumbani, na aje amwone. Deogratias akapendekeza tusali. Hakuna aliyemsikiliza.

Ili kumaliza ubishi nikamwomba Kwandu asome maelezo ya Silaha za Wafalme, watu wasikie wenyewe. Kwandu akavaa miwani, akaanza kutafsiri polepole. Je, mmechoka kulishinda joka kirahisi? Nikamwambia amesoma vibaya. Akarudia. Je, mmechoka kulishinda joka kirahisi? Nyongeza hii ni kwa wale ambao joka la boksi la kwanza limekuwa jepesi mno kwao. Mnapata silaha mpya, na joka linapata kichwa cha pili.

Tukatazamana. Sisi hatukuwahi kulitoa joka magamba zaidi ya saba.

Kwandu akaendelea, na sauti yake ikawa inapungua kadiri anavyosoma. "Kama ilivyo kwenye boksi la kwanza, wachezaji wote ni upande mmoja. Hakuna mshindi mmoja. Mnalishinda joka wote, au mnaungua wote."

Deogratias akauliza upande mmoja maana yake nini.

Inabidi nieleze jinsi tulivyokuwa tunacheza, ingawa sijisifu. Siku ya kwanza kabisa, tulipofungua boksi na kukuta ukurasa wa tano, hakuna aliyeuliza pande ziko ngapi. Sisi ni Wasukuma. Baada ya mavuno ngoma zinachezwa, Bagalu huku, Bagika kule, kila upande unatafuta namna ya kuwavuta watazamaji wa mwenzake, na watu wanaanza kuchagua upande kabla hawajaota meno. Tukakaa, tukagawanyika. Mimi nikawa Mgalu kwa sababu baba alikuwa Mgalu. Mahona akawa Mgika kwa sababu mimi nilikuwa nimeshakuwa Mgalu. Kwandu akawa upande wangu, Deogratias upande wa Mahona, na mchezo ukawa ni nani atakayeliua joka kwanza. Tulifungiana malango. Tulificha ngazi. Nilikuwa nikikaa na kadi tatu za kuzima moto mkononi ili Mahona asizipate, naye akikalia daraja ili mimi nisivuke. Mwezi wa nane uliopita nilimsukuma kwenye moto kwa mkono wangu mwenyewe, nikashangilia mpaka jirani wa Kwandu akaja kuuliza timu gani imefunga. Joka halikuwa na kazi ya kufanya. Lilikuwa linasubiri tumalizane.

Kila mtu akaanza kumtafuta aliyesema pande ni mbili. Hakuna aliyewahi kusema. Mahona akasema, akimwangalia Deogratias, kwamba wengine ubinafsi ni ugonjwa wa kuzaliwa nao. Nami nikasema, nikiangalia dari, kwamba huo ugonjwa huanza na mtoto wa kwanza. Kwandu akapiga meza kwa kiganja. Akasema hatuchagui nyongeza yoyote mpaka tucheze mara moja inavyotakiwa.

Tukacheza. Nilitaka ishindikane, nakiri, ili nirudi kwenye hoja yangu ya silaha. Haikushindikana. Zamu ya tatu Mahona alifungua daraja na mimi nikavuka, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Nikazima moto uliokuwa unamfuata Padri Mstaafu, na Padri Mstaafu akarusha radi, magamba mawili yakatoka. Ikawa kila kadi niliyokuwa nimeikosa mwaka mzima iko mkononi mwa Mahona, na kila aliyoikosa yeye nimeikalia mimi. Joka likabaki na magamba matano, kisha matatu, kisha mawili. Deogratias alikuwa amesimama. Kwandu hakuwa anamtibu mtu.

Ikafika zamu yangu. Mkononi nilikuwa na Mkuki wa Radi, kadi inayotoa magamba mawili kwa mpigo mmoja. Tatizo, shujaa wangu alikuwa nyuma ya ukuta. Aliyesimama uso kwa uso na joka alikuwa wa Mahona, na zamu iliyofuata ilikuwa yake. Ukurasa wa tano, huohuo tuliokuwa nao tangu mwanzo, unasema badala ya kupiga unaweza kumpa mwenzako kadi moja. Nikimpa mkuki, anapiga, tumemaliza. Wote waliona. Mahona akanyoosha mkono juu ya meza, kiganja kimefunguka.

Nilikiangalia kile kiganja. Nikafikiria Mahona kule mashineni kwake, anawaambia akina mama wenye madebe ya mahindi kwamba yeye ndiye aliyeliua joka. Nikafikiria miaka yote ijayo ya kusikia habari hiyo. Nikasema nitapanda ukuta mwenyewe, nitapiga raundi ijayo.

Mahona akarudisha mkono. Kwenye zamu yake hakuwa na kitu zaidi ya ngao. Kwandu akafunua kadi ya joka, nayo ilikuwa Moto Mkuu. Tukaungua wote wanne, Padri Mstaafu na ndevu zake.

Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinikera zaidi. Kwandu alikusanya kadi taratibu, akazifunga na mpira. Kisha akachukua kalamu, akaivuta karatasi ya Gari la Mfalme, na kuipiga mstari kutoka kona hadi kona. Mahona akauliza kwa nini anafuta lile ambalo watu wawili wamelitaka.

"Hilo mnalo nyumbani," Kwandu akasema. "Hamjalifungua tu."

Nilidhani ni utani. Binamu ana ruhusa ya kututukana, na Kwandu huwa haiachi ruhusa hiyo ipoe. Lakini safari hii hakuwa anatania.

"Alhamisi nilikwenda Dutwa na huduma ya mkoba, ile ya kuwafuata wagonjwa vijijini," akasema. "Siruhusiwi kutoa habari za mgonjwa. Lakini mgonjwa ni mke wa mjomba wangu, na nyinyi ni wapumbavu. Nimemfunga bandeji mikono yote miwili. Malengelenge yamepasuka, chini ni nyama tupu. Nikamuuliza amelima mpaka wapi. Akasema ana mitaro kumi na moja. Akaniomba nisiwaambie, msije mkagombana."

Deogratias akakaa. Mimi nikaangalia mikono yangu, ambayo kazi yake kubwa wiki ile ilikuwa kufungua boksi la mipira ya baiskeli. Niliona aibu, aibu ya kweli. Mama alikuwa ameficha vidonda ili watoto wake wasigombane, na watoto wenyewe walikuwa Bariadi wanagombea ng'ombe wa picha. Sikumwangalia Mahona. Nikasikia pikipiki yake ikiwaka nje. Hakuwa ameaga.

Kwandu akanisindikiza mpaka mlangoni na kunikumbusha, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba bado anahitaji majina mawili kabla ya saa sita kesho.

Jumatatu nilimfungua Diwani kabla jua halijatoka. Elina alisimama mlangoni na kanga yake begani, akauliza mpangaji anahama? Nikamwambia anarudi kazini. Hakucheka, ila alinipa viazi vitamu vya njiani, na kwa Elina hiyo ni barua ya pongezi. Diwani alitembea kwa mwendo wa mheshimiwa anayekwenda kukagua mradi. Kila palipokuwa na nyasi alikagua. Watu wa baiskeli waliokuwa wakitupita kwenda sokoni walinisalimu na kuuliza kama namuuza, nami nikawajibu kwa heshima ndogo. Jua lilikuwa limeshapanda vizuri nilipofika Dutwa.

Katibu alikuwa ameshafika. Alifungwa kwenye mchongoma karibu na shamba, mbavu zake zote zinaonekana, na Mahona amechuchumaa pembeni yake akiwa na unga kwenye nyusi. Yeye hakuwa na ng'ombe mwenye kitambi wa kumchelewesha. Hakusema amekuja kunifuata, nami sikusema nimekuja kumfuata. Tulikuwa watu wawili waliokutana shambani kwa mama yao, kila mmoja na ng'ombe wake, kwa bahati.

Mama alitoka nyuma ya nyumba. Nikamsalimu, "Mwangaluka, mayo," akaitika, na mikono yake akaisogeza mgongoni, bandeji zisionekane. Alimtazama Diwani kwa muda mrefu. Akaniuliza nilikuwa namlisha nini, ugali? Kisha akasema nira ipo bandani, ila tuwashushe kuku kwanza, maana miaka mitatu wameigeuza kitanda.

Tukawashusha kuku. Tukaikwangua nira, mimi upande mmoja, Mahona upande mwingine. Mvua mbili za kwanza zilikuwa zimeilainisha ardhi. Kando ya shamba niliiona kazi ya mama, mitaro kumi na moja, myembamba, imenyooka, na wa mwisho umeishia katikati. Mahona naye aliiona. Alijifanya anakaza mnyororo wa plau ambao ulikuwa umeshakaza.

Ng'ombe walinusana. Katibu akamlamba Diwani sikio. Halafu, kabla hatujashika kamba, Diwani akazunguka taratibu na lile tumbo lake, akaenda kusimama kulia, na Katibu akasimama kushoto, wote wameinamisha shingo. Hakuna aliyewauliza mkubwa ni nani.

Mahona alishika plau, mimi nikatangulia mbele kuwaongoza. Mtaro wa kwanza walikwenda kwa kujikwaa. Wa pili wakakumbuka. Kufika wa tatu Diwani alikuwa anahema na jasho linamtoka puani, lakini anavuta, na ile sauti ya udongo unaopinduka, ambayo sikujua kama nimeikumbuka, ilinirudia masikioni. Nilishukuru kwamba niliyetangulia ni mimi, uso wangu hauonekani.

"Ule mkuki," Mahona akasema kutoka nyuma.

"Najua," nikasema.

Tukageuza ng'ombe, tukaendelea.

Tulikuwa katikati ya shamba wakati simu yangu inaita. Kwandu. Nikaweka sauti ya nje ili Mahona asikie. Akasema zimebaki dakika kumi, Jenifer yuko dukani amesimama, anataka majina mawili. Akaongeza kwamba Deogratias ametuma ujumbe tangu alfajiri: hana pingamizi na Msitu wa Mizimu, mradi isijulikane kwamba ni yeye aliyesema.

Mimi nilikuwa nimeota Silaha za Wafalme usiku kucha. Nilikuwa nimeshalipangia mahali lile shoka kubwa. Nikamgeukia Mahona.

"Chagua wewe," nikasema.

"Chagua wewe," akasema.

Nikamwambia yeye ndiye mkubwa. Akasema ndiyo sababu anampisha mdogo. Nikasema sijaomba kupishwa, namheshimu, aheshimike. Akasema huo ndio ubishi wangu tangu utotoni, mtu anakupa kitu unakikataa. Nikauliza ni nani hapa anayekataa. Sauti zilipanda. Tulikuwa tumesimama kwenye udongo uliopinduliwa, tunagombana kwa nguvu zote kila mmoja akitaka mwenzake apate, na Kwandu kwenye simu akisikia kila neno. Akatuita jina ambalo Deogratias asingependa kulisikia, akasema atachagua mwenyewe, akakata.

Mpaka leo naandika, sijui yatakuja maboksi gani. Namuombea Jenifer safari njema.

"Ng'ombe wamesimama," mama akasema.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa shamba juu ya debe lililopinduliwa. Jembe lake la mkono lilikuwa limelazwa chini, mbali kidogo naye. Hakuwa anaificha tena mikono. Ilikuwa mapajani, na bandeji zake zimechafuka, haifanyi kazi yoyote.

Mahona akatoka nyuma ya plau, akanipa mishikio.

"Zamu yako."

Nikashika. Miaka mitatu ya kuuza spea haimsaidii mtu, plau liliruka kushoto, likaruka kulia, na Diwani akageuza shingo kunitazama. Nilipofika mwisho wa shamba nikaangalia nyuma. Mama aliuangalia mtaro wangu, akamwangalia Mahona, kisha akaniangalia mimi, akasema umepinda.

Ulikuwa umepinda kweli. Mahona akawageuza ng'ombe, tukaurudia.